Geoffrey Harris: Mtaalamu Aliyefichua Njia ya Ubongo na Uzazi

Geoffrey Wingfield Harris alizaliwa jijini London, Uingereza, tarehe 4 Juni 1913. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akahitimu udaktari katika hospitali ya St Mary's, London, mwaka 1939. Zama hizo wataalamu wengi waliiona tezi ya pituitari, ambayo imening'inia chini ya ubongo na haizidi ukubwa wa punje ya njegere, kuwa ndiyo mtawala wa tezi nyingine za homoni. Swali lililomshughulisha Harris maishani mwake ni hili: je, mtawala huyo naye anatawaliwa na nani?

Alianza na sungura. Sungura jike hapevushi mayai mpaka apandwe, jambo linaloashiria kwamba ubongo hupeleka habari kwenye pituitari. Mnamo mwaka 1937, kabla hajatimiza miaka 25, Harris alionyesha kwamba kuichochea haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya tezi hiyo, kwa umeme kulitosha kuyapevusha mayai. Hata hivyo, palisalia fumbo. Neva zinazofika sehemu ya mbele ya pituitari ni haba mno. Ujumbe ulipitia wapi, basi?

Harris na mwenzake John Green walielekea kwenye vishipa vidogo vya damu vilivyomo katika kikonyo cha tezi hiyo. Walivichunguza na kuitazama damu ikiteremka kutoka ubongoni katika panya aliye hai. Harris akashikilia kwamba ubongo humimina kemikali ndani ya vishipa hivyo, nazo huiamuru tezi. Mwaka 1952, yeye na Dora Jacobsohn waliwang'oa panya majike pituitari zao, wakawapandikizia tezi za panya wachanga. Zilizowekwa chini ya haipothalamasi zilifanya kazi, hata baadhi ya panya wakashika mimba. Zilizowekwa chini ya sehemu nyingine ya ubongo hazikufua dafu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Solly Zuckerman, mwanasayansi mwenye sauti nzito nchini Uingereza. Yeye na mwenzake walikata kikonyo cha fereti, mnyama wa ukoo wa kicheche ambaye hupata joto la uzazi mwanga unapozidi. Wakadai kwamba fereti aliendelea kupata joto ilhali vishipa vimekatika. Lau dai hilo lingesimama, nadharia ya Harris ingeporomoka. Harris hakujibu kwa maneno matupu. Alikuwa amekwisha kugundua kwamba vishipa vilivyokatwa huota tena. Mwaka 1954, yeye na Bernard Donovan walionyesha kwamba kizuizi kikiwekwa barabara kati ya ncha mbili za kikonyo, joto halirudi. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa taaluma nzima ya uhusiano wa ubongo na homoni.

Tangu mwaka 1962 alikuwa Profesa wa Anatomia huko Oxford. Alichunguza pia jinsi homoni za siku za mwanzo za uhai zinavyouelekeza ubongo wa panya kufuata mwendo wa kiume au wa kike. Wakati huohuo, zilizagaa juhudi za kuzipata zile kemikali alizozitabiri. Nchini Marekani, Roger Guillemin na Andrew Schally walizisaka katika maelfu kwa maelfu ya bongo za kondoo na nguruwe. Mwaka 1971 kundi la Schally lilitangaza muundo wa kemikali inayoamuru homoni za uzazi. Tarehe 29 Novemba mwaka huohuo, Harris akafariki akiwa na umri wa miaka 58.

Mwaka 1977 Guillemin na Schally walitunukiwa Tuzo ya Nobel, pamoja na Rosalyn Yalow. Tuzo hiyo haipewi marehemu. Hata hivyo, dawa zilizotokana na kemikali hiyo hutumika hadi leo katika matibabu ya ugumba na ya saratani ya tezi dume. Waliovuna walivuna kwa haki, ila shamba lilikuwa limelimwa na Harris.