Anne Frank: Mtoto aliyeandika hadithi katika daftari la mahesabu

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge. Navichukua Kobero mpakani, napita navyo Muyinga hadi sokoni Gitega. Juzi nilifungua daftari langu la mahesabu ili nimdai mteja, nikakuta kurasa tatu zimejaa hadithi. Binti yangu wa miaka 11 alikuwa ameandika habari za mbuzi anayevuka mpaka kila Jumamosi. Nilitaka kumgombeza, lakini nilisoma hadi mwisho huku mteja akinisubiri. Hapo nikamkumbuka Anne Frank.

Anne alizaliwa Juni 12, 1929, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, wazazi wake walihamia Uholanzi. Yeye alikuwa na miaka minne. Baba yake, Otto, alifanya biashara ya viungo mjini Amsterdam. Hata huko Wajerumani wakawafuata. Julai 1942 familia ilijificha nyuma ya ofisi ya baba, na watu wanane wakaishi humo kwa miaka miwili bila kutoka.

Wengi wanajua shajara yake. Wachache wanajua kwamba alitunga pia hadithi, na kwamba mwaka 1943 alianza kuzinakili katika daftari la mahesabu, kama hili langu. Mojawapo ni ya mtoto wa dubu aliyemtoroka mama yake ili akaigundue dunia, kisha akarudi nyumbani. Sisi tuliorudi, nani hamfahamu dubu huyo?

Agosti 4, 1944, walikamatwa. Anne alifariki mapema mwaka 1945 katika kambi ya Bergen-Belsen, akiwa na miaka 15. Kati ya wale wanane alipona Otto peke yake. Miep Gies, karani wa ofisi, alikuwa ameziokota karatasi na kuzitunza bila kuzisoma, akampa baba. Shajara ilichapwa mwaka 1947. Baadaye na hadithi zikatoka.

Kwa nini watu wazima husoma maandishi ya mtoto? Naona ni kwa sababu mtoto hamvishi mtu kilemba cha ukoka. Anatutazama tunavyogombana na kuogopa, kisha anatuandika tulivyo. Yule mbuzi wa binti yangu hudanganya bei mpakani. Nilijijua mara moja.

Nina deni moja. Mwaka 2007, tulipofungasha kurudi Burundi, kijana wangu mkubwa alikuwa na madaftari mawili ya hadithi. Mizigo ilizidi, nikayachana kuwashia moto. Leo sikumbuki hata hadithi moja, na yeye hajaandika tena.

Ndugu msomaji, kabla hujafungia sukari katika karatasi yenye mwandiko wa mtoto, isome kwanza. Zile kurasa tatu sikuzichana. Nimenunua daftari jingine la mahesabu.