Yusuf bin Hasan na Damu ya Mvita ya Mwaka 1631

Miongoni mwa watawala wote waliopata kukalia kiti cha Mvita, hapana aliyeacha jina lenye utata kama Yusuf bin Hasan. Kwa Wareno alikuwa msaliti; kwa Kanisa, mtesi wa waumini; kwa wengi wa waandishi wa historia wa baada ya uhuru, mmoja wa watangulizi wa upinzani dhidi ya wageni. Majina hayo matatu yote yanatokana na siku chache za Agosti 1631, ilhali maisha yake yalianza kupindwa mapema zaidi.

Alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Malindi, walioletwa Mombasa na Wareno wakati Ngome ya Yesu ilipokuwa ikijengwa, kuanzia mwaka 1593. Baba yake, Sultani Hasan, alikosana na kamanda wa ngome, akakimbilia bara. Huko aliuawa kwa hila ya Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto Yusuf, aliyekuwa na umri wa miaka saba hivi, naye alipelekwa mji huo huo wa Goa. Alilelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akafunzwa lugha na adabu za Kireno, akatumika katika merikebu zao za vita na kujifunza kazi ya mizinga. Alioa mke Mkristo. Mwaka 1626 alitambuliwa rasmi kuwa mfalme wa Mombasa na Malindi.

Aliporejea Mvita alijikuta si wa huku wala si wa kule. Raia zake Waislamu walimwona Mreno aliyevaa ngozi yao, na Wareno wa ngome hawakumpa heshima ya ufalme waliyomwahidi. Yasimuliwa kwamba usiku alikuwa akienda kwenye kaburi la baba yake kumwombea kwa desturi ya Kiislamu. Alionekana, na habari zikamfikia kamanda Pedro Leitão de Gamboa, aliyenuia kumkamata na kumpeleka Goa akahukumiwe. Mfalme akamtangulia. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama aliyekuja kwa amani, akamuua kamanda, na ngome ikatekwa. Alirudia Uislamu na jina lake la Yusuf.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomfanya awe vigumu kusifiwa. Wareno wa mjini walikimbilia nyumba ya watawa, wakaishi humo kwa siku kadhaa wakingojea hatima yao. Walitakiwa kusilimu au kufa. Waliouawa, Wareno pamoja na Waafrika Wakristo, wanakadiriwa kufikia 300, wakiwamo wanawake na watoto, na hata jamaa wa mfalme aliyekataa kuuacha Ukristo. Wengine walichukuliwa utumwa. Dhuluma aliyotendewa Hasan ilikuwa kweli, lakini watoto wa mji hawakuwa na hatia ya kichwa kile kilichopelekwa Goa.

Mapema mwaka 1632 kikosi kutoka Goa kiliizingira ngome kwa miezi kadhaa kikashindwa. Mizinga waliyomfunza wenyewe iliwageukia. Hata hivyo, Yusuf hakuweza kubaki. Mwezi Mei aliibomoa sehemu ya ngome, akaondoka baharini na wafuasi wake, na Wareno wakarudi wakaikuta tupu. Tangu hapo aliishi kama haramia, akivamia vyombo vyao, hadi alipofariki Jeddah mwaka 1638.

Huko Goa, kesi ya wafu ilikuwa imekwisha kuanza. Watawa wa Augustino walikusanya ushahidi wa kiapo kutoka kwa walionusurika, ili Roma iwatambue waliouawa kuwa mashahidi wa imani. Swali lilikuwa moja, nalo gumu: je, waliuawa kwa sababu ya dini yao, au kwa sababu ya kisasi na siasa? Kanisa humtambua shahidi kwa chuki ya muuaji dhidi ya imani, na katika moyo wa Yusuf imani, baba na ufalme vilikuwa vimesukwa pamoja. Naye, bila shaka, hakuhojiwa. Karne zilipita bila waliouawa kutangazwa wenye heri, na maelezo ya mashahidi yakalala katika hifadhi za nyaraka, hata G. S. P. Freeman-Grenville alipoyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1980. Yafaa kuyasoma kwa tahadhari, kwani ni ya upande mmoja. Lakini bila hayo Waafrika waliokufa pamoja na Wareno wangesahaulika kabisa.

Wareno, kwa upande wao, hawakungoja Roma. Juu ya lango la ngome waliweka maandishi ya jiwe yanayomsifu kamanda Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika madaraka mwaka 1635, kwa kuitengeneza ngome na kuwatiisha watu wa pwani. Mfalme yumo humo kama dhalimu, bila jina. Waliouawa hawamo, wala Hasan.