Oscar Swahn: Mzee wa Miaka 60 Aliyeanza Kuokota Dhahabu

Mwanachuo akirudia mwaka tu, anaanza kujiona amechelewa maisha: wenzake wanavaa majoho, yeye bado yuko na tutorial. Kama ndiyo wewe, hebu msome huyu mzee wa Sweden.

Oscar Swahn alizaliwa mwaka 1847. Michezo ya Olimpiki ya kisasa inaanza mwaka 1896, yeye tayari anaikaribia 50. Alijitokeza London mwaka 1908 akiwa na miaka 60, ndevu ndefu nyeupe, bunduki mkononi.

Mchezo wake ulikuwa kumpiga kulungu anayekimbia. Si kulungu wa kweli, bali shabaha yenye umbo lake, inayopita mbele ya mpigaji umbali wa mita 100 hivi kwa muda wa sekunde 4 tu. Unalenga, unaifuata, unafyatua. Ukisitasita, imeshapita.

Na hakushinda kwa mteremko. Kwa mtu mmoja mmoja alipata pointi 25, na aliyemfuata, wa Uingereza, akapata 24. Kwa timu, Sweden ilipata 86, Uingereza wenyeji 85. Dhahabu mbili, kila moja kwa pointi moja tu! Katika timu hiyo alikuwemo pia mwanawe, Alfred.

Mwaka 1912 mashindano yalikuja nyumbani, Stockholm. Safari hii dhahabu ya mtu mmoja mmoja ilikwenda kwa Alfred, baba hakuambulia kitu pale. Mzee hakususa. Alishinda dhahabu ya timu pamoja na mwanawe, na shaba katika shindano la risasi mbili. Alikuwa na miaka 64, na mpaka leo hajatokea bingwa wa Olimpiki mwenye umri mkubwa kumzidi.

Michezo ya 1916 ilifutwa na vita. Wengi wangetundika bunduki ukutani. Yeye alikwenda Antwerp mwaka 1920, ana miaka 72, akarudi na fedha ya timu. Alifariki mwaka 1927 akiwa na medali 6, zote za baada ya kutimiza miaka 60.

Ila tusielewane vibaya: stori hii si kibali cha kuahirisha assignment. Shabaha ya sekunde 4 haipigwi na mtu aliyekaa tu akisubiri zamu yake. Ukirudia mwaka, rudia ukiwa unafanya mazoezi.