Goltz Pasha, mwalimu wa jeshi la wengine

Jina la Colmar von der Goltz nililikuta nikitafuta jambo lingine. Nilitaka kujua ni nani aliyetawala Bruxelles mwaka wa 1914, wakati Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala nchi yetu, ilipoingia yenyewe chini ya Wajerumani. Gavana wa kwanza alikuwa huyu mzee wa miaka 71. Aliamuru vijiji viadhibiwe kwa makosa ya watu wachache, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Kwa hilo simtetei. Lakini sifa yake ilitoka kwingine, nikaifuata.

Alizaliwa mwaka wa 1843 huko Prussia Mashariki, akapigana na Austria, kisha na Ufaransa. Mwaka wa 1883 alikwenda Istanbul kumtumikia Sultani Abdülhamid II, ambaye jeshi lake lilikuwa limeshindwa na Warusi miaka mitano tu kabla. Kwa miaka kama 12 alitengeneza shule za maofisa na kufundisha vijana. Waturuki wakamwita Goltz Pasha.

Shida yake ilikuwa moja: mshauri hana amri. Sultani aliwaogopa maofisa wake mwenyewe, hivyo mashauri mengi yalibaki kwenye karatasi. Hata hivyo, mwaka wa 1897 jeshi hilo lilipowashinda Wagiriki, Goltz alisifiwa. Liliposhindwa vibaya katika Balkani mwaka wa 1912, alilaumiwa. Mara zote mbili hakuwa yeye aliyeliongoza vitani.

Mwisho wa 1914 aliondoka Ubelgiji, akarudi kwa Waturuki, ambao sasa walikuwa washirika wa Ujerumani. Mwaka uliofuata alipewa hatimaye jeshi la kuongoza, Jeshi la Sita, huko Irak. Mwezi wa Desemba jeshi hilo liliwazingira Waingereza na Wahindi wao mjini Kut, kando ya mto Tigris. Tarehe 19 Aprili 1916 Goltz alikufa Baghdad kwa homa ya tifusi. Siku kumi baadaye, askari zaidi ya 13,000 walitoka Kut na kujisalimisha kwa Halil Pasha.

Alizikwa Istanbul. Mimi ninayejiandaa kuwa mwalimu nimebaki na swali lake: kosa la mwanafunzi ni la mwalimu kwa kiasi gani, na ushindi wake je?