Abu Huraira na Paka Wake Mdogo

Hakuna Mwislamu asiyelisikia jina la Sahaba mtukufu Abu Huraira (r.a.). Hutajwa misikitini na hutajwa madarasani. Lakini wengi walitajao jina hilo hawaijui maana yake. Huraira ni paka mdogo, na Abu Huraira ni baba wa paka mdogo.

Sahaba huyu alikuwa mtu wa kabila la Daus, katika nchi ya Yaman. Wanazuoni wamekhitilafiana katika jina lake, na lililo mashuhuri ni Abdurrahman bin Sakhr. Alikuwa akichunga mbuzi wa jamaa zake, naye ana paka mdogo. Usiku humweka juu ya mti, na mchana huenda naye machungani akacheza naye. Ndipo watu wakampa jina hilo, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwita Aba Hirr.

Habari hii ni ndogo, lakini ina mafunzo. Mti si kizimba. Paka aliye juu ya mti akitaka huteremka akenda zake. Na tabia ya paka twaijua sote: haitiki kila aitwapo, wala hanyenyekei kwa sababu ya tonge. Mwenye kumkimbilia na kumshika kwa nguvu hupata makucha. Lakini mwenye kumwekea chakula chake mahali pamoja kila siku, kisha akakaa kimya na kumwacha aje mwenyewe, hata paka shume huenda siku moja akaja kujisugua miguuni pake. Mapenzi yake hayanyang'anywi, hungojewa.

Abu Huraira alifika Madina mwaka wa 7 wa Hijra (628), wakati wa vita vya Khaibar. Akakaa pamoja na mafakiri wa Suffa, na njaa ikimzidi hufunga jiwe tumboni. Siku moja alikaa njiani, watu wakampita wasitambue haja yake, mpaka alipopita Mtume (s.a.w.) akaijua kwa kumtazama uso tu, akamnywesha maziwa yeye na wenziwe wote. Aliyeonja njaa namna hii hamfukuzi mwenye njaa.

Mama yake alikataa Uislamu, na siku moja akamtolea maneno mabaya juu ya Mtume. Abu Huraira hakumkaripia wala hakumhama. Alikwenda kwa Mtume akilia, akaomba aombewe dua. Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake amekoga, naye akashahadia mbele yake.

Baadaye Sayyidna Umar (r.a.) alimtawalisha Bahrain. Na Hadithi zilizopokewa kwake zimehisabiwa kuwa 5,374. Miongoni mwazo imo habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini, hata akafa. Ibn Umar naye ameipokea habari hii. Basi njia ni mbili tu, kumlisha au kumwachia. Na Abu Qatada (r.a.) aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kuwa Mtume amefundisha kwamba paka si najisi, kwani ni katika wenye kutuzungukia majumbani mwetu.

Haya ndiyo yaliyothubutu. Ama maneno kwamba kupenda paka ni sehemu ya imani, hayo yamezuliwa. Na kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka hakina sanad. Dini haina haja ya kupambwa kwa uwongo, na yaliyo sahihi yatutosha.

Lakini je, twayafuata? Katika miji yetu, Mombasa, Lamu na Malindi, watoto huwarushia paka mawe na wazee wao wakatazama. Wengine huwatia paka wachanga guniani wakenda kuwatupa pwani, kisha wakarudi msikitini kusikiliza Hadithi za Baba wa Paka. Kumpenda Abu Huraira si kulitukuza jina lake tu.

Alifariki baina ya mwaka wa 57 na 59 wa Hijra (676–679), akazikwa Baqii, Madina. Tumwombe Mwenyezi Mungu amridhie, na atujaalie huruma kwa kila kiumbe chake kisichoweza kusema. Amin.