Abu Rayhan al-Biruni: Aliyeipima Dunia kwa Pembetatu

Wanafunzi wetu wanaosoma sekondari wana malalamiko yale yale kila mwaka kuhusu somo la jometri. Maneno ni mengi, wanasema: nukta, mstari, pembe, duara, nusukipenyo, na hawaoni yanawafikisha wapi. Badala ya kuwapa nasaha, mwaka huu tunawasimulia habari za mtu ambaye maneno hayo hayo yalimfikisha mbali.

Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 973, sawa na Dhulhija 362 Hijria, katika viunga vya mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo imo ndani ya Uzbekistan. Neno birun kwa Kiajemi ni nje, yaani mtu wa nje ya mji. Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur, mwanamfalme wa ukoo uliokuwa ukitawala hapo, na bingwa wa pembetatu zinazochorwa juu ya tufe. Hizo si sawa na zile za ubaoni. Pembetatu ya ubaoni, jumla ya pembe zake ni digrii 180 daima. Iliyochorwa juu ya mpira huzidi hapo. Kijana akapata msingi huo mapema, na alipofika miaka 17 hivi alikwishapima kimo cha jua la adhuhuri na kujua Kath iko latitudo gani.

Mwaka 995 vita viliingia. Ukoo wa mwalimu wake ukapinduliwa, na Biruni akalazimika kukimbia. Hata hivyo mwaka 997 alikuwa tena Kath, na huko akapatana na Abu al-Wafa aliyekuwa Baghdad kwamba kila mmoja atazame kupatwa kwa mwezi usiku mmoja. Kisa chenyewe ni hiki: mwezi ukipatwa, wote wanaouona huona kwa wakati mmoja, lakini saa za miji yao hazilingani. Duara zima ni digrii 360, na dunia hulimaliza kwa saa 24. Basi tofauti ya saa moja ni digrii 15. Kwa njia hiyo walijua miji yao imeachana kiasi gani mashariki na magharibi, bila ya mtu kufunga safari.

Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm na kuwachukua wanazuoni wake, Biruni akiwa mmoja wao. Ghazna iko Afghanistan. Baadhi ya vitabu humtaja kama mgeni wa heshima wa sultani, lakini tukisema kweli alikuwa karibu na mateka. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, hana ala hata moja ya kupimia. Alichukua ubao wa kufanyia hesabu, akachora tao nyuma yake, akaligawa kwa digrii na vipande vya digrii, akatundika timazi, akapima kimo cha jua. Enyi mnaochelewa kufanya zoezi kwa kuwa mkebe wa jometri umepotea, mnasikia?

Huko Ghazna alianza kazi ambayo kwetu Waislamu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Watu wa mji ule walihitaji kujua kibla kwa yakini. Sisi wa pwani tumerahisishiwa: Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa ziko karibu kusini kabisa ya Makka, hivyo tunaelekea kaskazini na kosa ni dogo. Ghazna iko mbali, mashariki na kaskazini ya Makka, na hakuna upande wa moja kwa moja wa kuufuata. Inabidi ujue latitudo na longitudo ya miji yote miwili, kisha uchore juu ya tufe pembetatu ambayo ncha zake ni Ghazna, Makka na ncha ya kaskazini ya dunia. Pembe iliyo Ghazna ndiyo kibla. Ili kuipata longitudo ya Ghazna, Biruni alitoka Baghdad akaunganisha mji kwa mji kwa masafa na latitudo. Kitabu cha kazi hiyo alikimaliza mwaka 1025.

Humo pia ameeleza alivyoipima dunia. Zamani za Khalifa al-Ma'mun wapimaji walitembea jangwani mpaka kimo cha nyota kikabadilika kwa digrii moja. Biruni alijaribu mfano wa hayo, akakosa wa kumsaidia. Basi alipokuwa katika ngome ya Nandana, ambayo leo iko Pakistan, aliona mlima unaotazama uwanda ulionyooka, akatafuta njia nyepesi.

Kwanza alipima kimo cha mlima kwa pembe mbili kutoka sehemu mbili za uwandani, akapata dhiraa 652 na kidogo. Kisha akapanda kileleni, akatazama pale mbingu inapokutana na ardhi. Chora nawe upate kufahamu. Mstari wa jicho lake unaligusa duara la dunia mahali pamoja tu. Kutoka kitovu cha dunia, nusukipenyo kinachofika mahali hapo hukutana na mstari huo kwa pembe mraba. Mstari wa tatu unatoka kitovuni hadi kileleni, nao ni nusukipenyo ukiongeza kimo cha mlima. Hiyo ni pembetatu mraba. Na pembe ambayo jicho limeinama chini ya usawa ni sawasawa na pembe iliyo kitovuni. Aliipata dakika 34, yaani nusu digrii na ziada kidogo.

Hesabu ikatoa nusukipenyo cha dhiraa milioni 12.8. Dhiraa ile ilikuwa karibu nusu mita, na urefu wake kamili wataalamu bado wanaujadili. Kwa hivyo jibu linaangukia kati ya kilomita 6,300 na 6,400. Leo tunajua ni 6,371. Tusizidishe sifa: hewa hupinda nuru, na pembe ndogo namna ile kosa lake huwa kubwa, kwa hiyo bahati nayo ilikuwamo. Njia yenyewe ni sahihi.

Mwaka 1029 alimwandikia bibi mmoja wa asili ya Khwarazm, Rayhana binti al-Hasan, kitabu cha maswali na majibu zaidi ya 500, Kitab al-Tafhim. Kinaanza na jometri: kiwiliwili ni nini, uso ni nini, mstari, nukta. Sehemu ya mwisho ni ya utabiri wa nyota, nayo mwenyewe alidokeza kuwa hauamini sana. Baada yake akatoa kitabu kikubwa juu ya India, ambamo hakuficha jinsi vita vya Mahmud vilivyoiharibu nchi ile.

Alifariki Ghazna yapata mwaka 1048, 440 Hijria. Yaqut al-Hamawi amesimulia kwamba faqihi mmoja alikwenda kumjulia hali akiwa katika sakarati, naye akamuuliza suala la mirathi ya bibi wa upande wa mama waliloliacha siku za nyuma. Faqihi akashangaa, akamuonea huruma. Biruni akamjibu kwamba ni afadhali aondoke duniani akilijua kuliko aondoke hajalijua. Akaelezwa, akalirudia mpaka likamkaa. Faqihi alipotoka, kabla hajafika mbali, akasikia kilio kutoka nyumbani mle.