Denis Burkitt: Daktari wa upasuaji aliyetambua kikomo cha kisu

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zote mbili za mtoto huyo, ya juu na ya chini, zilikuwa zimevimba pande zote, na meno yalikuwa yamelegea. Usaha hauvimbishi taya kwa namna ile, wala saratani zilizojulikana wakati huo hazikuwa na desturi ya kuzuka mahali panne kwa mara moja. Burkitt alimpiga picha mtoto huyo, lakini hakuwa na jibu la kumpa mama yake.

Wiki chache baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alimwona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye sura ileile. Safari hii hakuishia kwenye taya. Alimpapasa tumbo na kukuta uvimbe humo pia.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa kupigwa jiwe. Alianza masomo ya uhandisi huko Dublin kabla ya kuhamia udaktari, na ombi lake la kwanza la kufanya kazi Afrika Magharibi lilikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita vilimleta Kenya akiwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 alipangiwa kazi Lira, Uganda, na miaka miwili baadaye akahamishiwa Mulago.

Baada ya tukio la Jinja alipekua majalada ya hospitali. Watoto waliovimba taya walikuwa wameandikwa kando, na waliovimba figo, ini au ovari wameandikwa kando, kana kwamba ni magonjwa tofauti. Burkitt aliona kuwa ni ugonjwa mmoja, na mwaka 1958 akauandika katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wataalamu wa patholojia pale Mulago ndio waliothibitisha kwa darubini kwamba ni saratani ya mitoki.

Hapo ndipo ugumu wa kazi yake ulipojitokeza. Wananchi wengi humfahamu daktari bingwa wa upasuaji wa saratani kuwa ni mtu wa kukata uvimbe na kuutoa. Hiyo ni sehemu tu ya wajibu wake. Yeye ndiye huchukua kipande cha nyama kwa ajili ya uchunguzi, hupima saratani imesambaa kiasi gani, kisha huamua pamoja na wenzake kama kisu kitaponya au kitaongeza maumivu. Burkitt alijaribu kukata. Uso wa mtoto uliharibika, uvimbe ukarudi, na kifo kikafuata baada ya muda mfupi. Uganda haikuwa na mashine ya tiba ya mionzi wakati huo. Aligeukia dawa, ambazo wataalamu kutoka Marekani walimsaidia kuzipata, na baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache. Si jambo jepesi kwa daktari wa upasuaji kuweka kisu chini, hasa anapokuwa ametumia miaka mingi kukinoa.

Swali la chanzo lilibaki. Alituma madodoso yenye picha kwa hospitali nyingi barani Afrika, na Oktoba 1961 akaanza safari ya wiki kumi pamoja na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson, wakiwa na gari kuukuu aina ya Ford. Walikwenda takribani kilomita 16,000 hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani iliyopatikana ilionesha kuwa ugonjwa hufuata maeneo yenye joto na mvua na hutoweka katika nyanda za juu, yaani karibu palepale malaria inapositawi.

Mwaka huohuo wa 1961, kabla ya safari hiyo, alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, aliyeomba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt alirejea Uingereza mwaka 1966 na kutumia miaka iliyobaki kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993. Mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake, Mulago ilifunguliwa kituo cha kutibu saratani hiyo ya watoto kwa dawa. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, inayopokea wagonjwa hadi leo.